Polisi na Kundi Lenye Chuki: Mafundisho ya Likasi, 1992

Siku hizi watu wengi wauliza swali hili: kundi la watu likijaa barabarani, lina hasira, lina fimbo na mawe, nalo lalitukana kabila la jirani, polisi wafanye nini? Wengine hujibu upesi: Wapige risasi, fujo itakwisha. Wengine husema: Wawaache, hayo ni mambo ya siasa, yatapita yenyewe. Sisi watu wa Likasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Nchi yetu imeyaona majibu hayo yote mawili, na yote mawili yameacha makaburi. Yafaa basi tuangalie mambo yaliyopita, tupate kuona iwapo iko njia iliyo njema zaidi.

Wageni walioitwa

Kwanza tukumbuke jinsi mji huu ulivyojengwa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Shaba ilikuwa nyingi, Kambove, Likasi na mahali pengine, lakini watu wa kazi walikuwa wachache. Kampuni ikawatafuta mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda, Lomami na Kasai. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 iliacha desturi ya kuwaandika watu kwa miezi michache tu. Ikataka mfanyakazi akae na mke wake na watoto wake katika kambi, watoto wasome, nao wakikua waingie kazini mahali pa baba zao. Mwaka 1928 njia ya reli ilifika Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo, ikiwa imepita katikati ya nchi ya Kasai. Toka hapo watu wa Kasai walikuja wengi. Mwaka 1931 Wabelgiji waliuita mji wetu Jadotville, kwa heshima ya Bwana Jean Jadot. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966.

Basi watu wa Kasai hawakuingia kwa dirisha. Waliitwa, wakaandikwa, wakapewa nyumba. Walizaa hapa, na wazee wao walizikwa hapa. Mwaka 1992 watu wengi walioitwa Wakasai hapa Likasi walikuwa hawajaiona Kasai hata siku moja.

Walakini hatuna budi kusema kweli yote. Wenyeji wa Katanga nao walikuwa na neno lao. Waliona makarani, wasimamizi na wakubwa wengi wa kazi ni watu wa Kasai. Wakasema: Shaba yatoka katika udongo wetu, na wanaokula ni wengine. Kusema neno hilo si kosa. Mtu mwenye shida ana haki ya kuipeleka mbele ya wakubwa, hata kutembea barabarani pamoja na wenzake ili isikiwe. Ubaya hauanzi hapo. Ubaya waanza siku ile mtu aachapo kusema «Twataka kazi» akaanza kusema «Jirani yangu aondoke». Na polisi mwema ni yule awezaye kutambua tofauti ya maneno hayo mawili.

Askari walifundishwa nini?

Tuulize pia askari wa nchi yetu walizoezwa namna gani. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita kuu, bei ya vitu ilipanda sana, na wafanyakazi wa Union Minière wakagoma, hapa Jadotville na huko Elisabethville. Waliomba kuongezewa mshahara. Askari wa Force Publique waliwapiga risasi, watu wengi wakafa. Kundi lile halikutaka kumfukuza jirani yeyote, lilitaka chakula. Hivyo tangu zamani askari alifundishwa kwamba adui ni mtu mwenye njaa anayesimama pamoja na wenzake. Kumlinda jirani asidhuriwe na jirani, hilo hakufundishwa sana.

Matunda yake yalionekana Katanga ilipojitenga mwaka 1960 chini ya Moïse Tshombe. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba wa Elisabethville waliogopa kuuawa, wakakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Fikirini neno hilo. Mtu aliyezaliwa katika mji akiona usalama wake uko kwa askari waliotoka nchi za mbali, maana yake ni kwamba hamwamini tena polisi wa mtaa wake. Amani ikarudi baadaye, lakini somo hilo halikuandikwa mahali popote, nalo likasahauliwa.

Mwaka mmoja, makosa mawili

Sasa twafika mwaka 1992. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu tulikuwa bado watoto wachanga, au hatukuwa tumezaliwa. Lakini wazazi wetu waliyaona mambo hayo kwa macho yao, nasi twakaa katika mji uliobaki baada yake.

Mwezi wa Januari mwaka ule, Waziri Mkuu Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, alisimamisha Mkutano Mkuu wa Taifa ulioongozwa na Askofu Monsengwo. Tarehe 16 Februari 1992, siku ya Jumapili, Wakristo wa Kinshasa walitoka kwa maelfu, wakatembea barabarani wakisali na kuimba, wakiomba Mkutano ufunguliwe. Hawakuchukua panga, wala hawakuchoma nyumba ya mtu. Askari wakawapiga risasi, na makumi ya watu wakafa.

Mkutano ulifunguliwa tena. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu mahali pa Nguza. Hapa kwetu, katika mkoa ulioitwa wakati ule Shaba, mkuu wa mkoa alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama kimoja na Nguza, yaani UFERI. Kwa muda wa miezi mingi watu wa Kasai walikuwa wametukanwa katika mikutano ya hadhara. Waliitwa bilulu. Kila mtu wa Likasi ajua maana ya neno hilo: wadudu. Mdudu hana jina, hana mama, hana ubatizo. Ukimponda hakuna atakayekuuliza. Mtu akiisha kuitwa mdudu mchana kutwa mbele ya watu, usiku wake huwa mfupi kufika.

Mwezi wa Agosti na wa Septemba vijana wa chama walipita hapa Likasi nyumba kwa nyumba. Walivunja milango, wakateka mali, wakachoma nyumba, na watu wakauawa. Makumi ya maelfu ya Wakasai walikimbilia gare na shule za mji. Walilala chini kwa miezi, wakingojea treni. Mvua ikawakuta, maradhi yakaingia, na watoto wengi wakafa. Treni zikawachukua kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao waliijua kwa jina tu. Mwezi wa Machi 1993 mambo hayo hayo yalitokea Kolwezi.

Polisi walikuwa wapi? Nchi ya Zaire ilikuwa na jandarma, ilikuwa na garde civile, ilikuwa na jeshi. Hatuwezi kusema bunduki zilikosekana, maana hazikukosekana Kinshasa mwezi wa Februari. Serikali moja, katika mwaka mmoja, iliwapiga risasi watu waliokuwa wakisali, kisha ikawaacha watu waliokuwa wakichoma. Ndugu wasomaji, tulishike neno hili, maana ndilo kiini cha habari yetu. Askari wa 1992 hawakuwa wakali mno, wala hawakuwa wapole mno. Walikuwa vyote viwili, kwa kadiri ya faida ya mkubwa aliyewatuma. Sheria haikuwa kipimo chao.

Tena tukumbuke kwamba askari wenyewe walikuwa maskini. Mwezi wa Septemba 1991 wanajeshi wa Kinshasa walioona mshahara wao si kitu walianza kupora maduka, na uporaji ukaenea hata miji ya Shaba. Askari aliyepora mwaka jana atamzuiaje kijana anayepora mwaka huu?

Jemadari wa Yerusalemu na mambo ya Kenya

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari ya jemadari mmoja Mrumi, Klaudio Lisia. Kundi la watu wa Yerusalemu lilimkamata Paulo likampiga, likataka kumwua kwa sababu ya uvumi kwamba amemwingiza Myunani hekaluni. Lisia hakungoja. Alishuka mbio na askari wake, akaingia katikati, nao walipowaona wakaacha kumpiga. Askari wakambeba Paulo juu ya ngazi. Lakini Lisia naye alitaka kukosa: aliamuru Paulo apigwe mijeledi ili aseme kweli. Paulo akamwambia kwamba yeye ni raia wa Roma, na jemadari akaogopa, akaacha. Baadaye watu zaidi ya 40 wakaapa kumwua Paulo, na Lisia akampeleka Kaisaria usiku, akilindwa na askari 470. Askari mia nne na sabini kwa ajili ya mtu mmoja! Tazameni basi: sheria ilizuia mkono wa kundi, tena ilizuia mkono wa jemadari mwenyewe. Polisi wasiozuiwa na sheria hawawezi kumlinda mtu kwa muda mrefu.

Na mfano wa karibu zaidi ni wa jirani zetu wa Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fujo kubwa ilitokea. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Kati yao 405 walikufa kwa risasi, na wengi wa hao walipigwa na polisi. Kisumu watu wengine walipigwa risasi mgongoni, yaani walikuwa wakikimbia. Lakini tarehe 1 Januari 2008, karibu na Eldoret, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa walichomwa moto humo ndani, wala hapakuwa na polisi wa kuwaokoa. Upande mmoja wa nchi risasi zilizidi, upande mwingine ulinzi ulikosekana, na yote katika majuma yale yale.

Basi polisi wafanye nini?

Tukiyaweka mambo haya pamoja twaona mashauri machache yaliyo wazi.

La kwanza, moto uzimwe ungali cheche. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayokataza na kuadhibu chuki ya rangi na ya kabila. Mwaka 1992 sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka 26, lakini hapakuwa na mtu aliyethubutu kuishika juu ya wakubwa. Mtu anayewaita majirani wadudu mbele ya kundi, na kulionyesha kundi nyumba zao, apelekwe kwa hakimu siku ile ile. Mtu atauliza: Je, polisi hawatafunga midomo ya watu wote kwa njia hiyo? Twajibu: kipimo kiko. Mwenye kusema «Kampuni ituandike kazi» aachwe, hata akisema kwa ukali, hata akiitukana serikali. Mwenye kusema «Waondolewe, wapigwe» amekwisha kutoka katika kulalamika, ameingia katika kutuma.

La pili, polisi wasimame kati ya kundi na nyumba za wanaotishwa, tena mapema. Mara nyingi watu husema polisi ni wachache. Ni kweli. Walakini kundi la fujo halianzi na watu elfu kumi. Laanza na vijana mia mtaani. Wakiona mlango wa kwanza umevunjwa bila mtu kuwazuia, kesho yake huja na wenzao. Polisi ishirini katika mtaa wa Kikula siku ya kwanza hufanya kazi ambayo kikosi kizima hakiwezi siku ya kumi.

La tatu, akamatwe mtenda, lisikamatwe kabila. Katika kundi moja yumo mchomaji, yumo mwizi, yumo na mtoto aliyefuata kelele. Polisi wakiwapiga wote sawasawa, mchomaji hupata rafiki wapya mia.

La nne, risasi iwe ya mwisho. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 zasema kwamba polisi haruhusiwi kupiga risasi ila kwa kuokoa uhai uliomo hatarini wakati ule ule, na baada ya kuonya kama nafasi iko. Kioo kilichovunjwa si uhai. Gunia la unga si uhai. Lakini mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba inayowashwa moto ni uhai, na hapo polisi asiyefanya kitu ana hatia ya kuacha.

La tano, polisi wasiwe wa chama. Katiba yetu ya mwaka 2006 yasema hivyo waziwazi: polisi ni wa taifa, nao wako mbali na siasa. Yasema pia kwamba mtu halazimiki kutii amri iliyo kinyume cha sheria waziwazi. Tena yampa kila Mkongomani haki ya kukaa mahali popote pa nchi, na haki ya kuandamana kwa amani baada ya kuwaarifu wakubwa kwa barua. Kijana anayevaa nguo za polisi hapa Likasi ajue maneno hayo kama ajuavyo jina lake. Siku mkubwa wa mkoa atakapokuwa yeye mwenyewe mdomo wa chuki, kama ilivyokuwa 1992, polisi hatakuwa na ngao nyingine. Na serikali, kwa upande wake, imlipe mshahara wake, maana katiba tupu haimtoshi mwenye njaa.

La sita ni gumu zaidi: kuwasafirisha wanaokimbia si kuwalinda. Mwaka 1992 na 1993 treni ziliokoa watu kifo, nasi hatuwezi kuwalaumu waliozitafuta. Walakini treni hizo hizo ndizo zilizomaliza kazi ya wafukuzaji. Kundi lilitaka watu waondoke, wakaondoka. Kulinda kweli ni kumrudisha mtu nyumbani kwake, kumwekea polisi mlangoni, na kumpeleka mbele ya hakimu aliyemfukuza.

Hasara na hesabu

Je, waliobaki walipata faida? Kazi za waliofukuzwa zilionekana kuwa wazi. Lakini Gécamines, iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufikisha tani 50,000. Hatusemi kwamba kufukuza watu ndiyo sababu peke yake: machimbo ya Kamoto yalikuwa yameporomoka mwaka 1990, na mali ya Kampuni ilikuwa imeliwa na wakubwa. Lakini mafundi walioondoka na ujuzi wa miaka ishirini hawakupatikana tena kwa siku moja. Kijana aliyeambiwa kwamba kazi ya jirani itakuwa yake, akakuta kiwanda kimenyamaza. Shida yake ya kwanza ilikuwa ya kweli, na chuki haikumpa hata mkate mmoja.

Siku hizi watu wengi toka Kasai wafika tena katika miji yetu, kwa treni na kwa malori, kwa kuwa njaa na ukosefu wa kazi huwasukuma. Manung'uniko yanasikika tena sokoni na kwenye vituo vya teksi. Ndiyo maana twaandika leo, wakati bado ni maneno tu.

Na sisi wa parokia, tusiwaachie polisi kazi yote. Polisi hawezi kuzuia mapema asipoambiwa mapema. Tunaposikia nyumba fulani imetiwa alama, twende kusema siku ile ile, na jina la mkubwa tuliyemwambia tuliandike. Jirani akitishwa, tumwingize ndani. Mambo yakifika mahakamani, tusikatae kushuhudia kwa kuwa mshtakiwa ni mtu wa kabila letu. Tena liko neno moja ambalo wazee hawapendi kulisema. Mwaka 1992 nyumba nyingi za waliokimbia zilichukuliwa, au ziliuzwa kwa bei ndogo sana. Mwenye kununua kwa bei ile hakushika fimbo, lakini yeye ndiye aliyemwonyesha mwenye fimbo kwamba kazi yake ina malipo. Wakati wa taabu ukija tena, Mungu atuepushe, tusinunue mlango, kitanda wala sufuria ya mtu aliyefukuzwa. Kundi likikosa wanunuzi, na polisi wakisimama mahali pao, vijana wengi watarudi kwao kabla ya jua kuchwa.